Tokeni moja, tarakimu 60: kwa nini mita ya nyumbani inakataa, na jinsi ya kuisasisha

Wengi wenu mmepitia hii. Wewe uko kazini Migori mjini, mama yuko nyumbani Mbita, kule Homa Bay. Jioni anakupigia: tokeni zimeisha, na samaki wako kwenye friza. Unamnunulia kwa simu, pesa inakatwa, meseji inaingia. Unamsomea tarakimu 20, anabonyeza polepole, mita inakataa. Mnarudia, inakataa tena. Sasa mama anakuuliza, "Una uhakika hujatapeliwa?"

Mara nyingi hujatapeliwa, na pesa yako haijapotea. Shida ni kwamba mita ya mama haijasasishwa. Hii huonekana sana kwa nyumba za kijijini zilizofungwa muda mrefu na kufunguliwa tu wakati wa Krismasi au matanga. Wacha tueleze kilichotokea, kisha tuonyeshe la kufanya.

Mita inasomaje tokeni?

Ndani ya mita kuna chipu ndogo, aina ya kompyuta ndogo sana yenye kazi moja. Mita nyingi za tokeni hazina intaneti wala laini ya simu. Habari pekee zinazoifikia kuhusu malipo yako ni zile tarakimu 20 unazobonyeza kwa kidole. Kwa hivyo tokeni ni kama barua iliyofungwa kwa kufuli, na mita yako pekee ndiyo yenye ufunguo wa kuifungua.

Ndani ya barua hiyo kuna mambo mawili makubwa: umenunua yuniti ngapi, na tokeni ilitolewa saa ngapi. Saa hiyo ndiyo inayoiwezesha mita kujua tokeni ambayo imeshatumika, ndiyo maana huwezi kuingiza tokeni moja mara mbili.

Lakini mita haihesabu saa kama sisi. Inahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 hivi, yaani karibu miaka 32. Hesabu ikajaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita zote duniani zinazotumia mfumo huo, si Kenya pekee. Ni kama kaunta ya kilomita ya pikipiki iliyofika mwisho na kurudi sufuri. Kwa mita ambayo haijasasishwa, tokeni ya leo inaonekana kuukuu, kwa hivyo inaikataa.

Dawa yake ni nini?

Kusasisha mita ni kuipa ufunguo mpya, kufuta kumbukumbu yake ya tokeni za zamani na kuanza hesabu upya. Programu nzima ya mita haibadilishwi. Hesabu mpya inaanzia 2014, na itajaa tena mwaka 2045.

Kwa sababu mita haina intaneti, ufunguo huo pia unapitia kwa vidole vyako. Na kwa kuwa ni mrefu kuliko kinachoweza kubebwa na tarakimu 20, umekatwa vipande viwili. Ndiyo sababu unapata mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ni ufunguo, la tatu ndilo lenye yuniti zako.

Fuata hatua hizi

1. Nunua tokeni kama kawaida, Paybill 888880, nambari ya akaunti ikiwa ni nambari ya mita. Kagua nambari hiyo kabla ya kuweka PIN.
2. Soma meseji yote. Ukiona mafungu matatu, usiruke moja kwa moja hadi la mwisho. Hapa ndipo wengi hukwama.
3. Ingiza fungu la kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri mita ijibu.
4. Ingiza fungu la pili, subiri tena. Nusu moja ya ufunguo haifungui kitu. Mita hubadilika ikishapata zote mbili.
5. Ingiza fungu la tatu. Yuniti zinaingia.

Kama mita iko juu ya nguzo na ndani ya nyumba kuna kile kidude cha kubonyeza, hakikisha kwanza kinawasiliana na mita. Kama kinatumia betri, weka mpya. Na ukikosea mara kadhaa, pumzika kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu baadhi ya mita hujifunga kwa muda.

Yuniti zilizokuwa ndani ya mita hazipotei. Lakini tokeni ya zamani uliyoiweka kwenye simu bila kuiingiza haitakubalika baada ya kusasisha.

Kama uko mbali na nyumbani

Usimsomee mama tarakimu 60 kwa simu moja. Mtumie meseji tatu tofauti na uandike "ya kwanza", "ya pili", "ya tatu". Akiwa haoni vizuri, mwombe kijana wa jirani amsaidie kubonyeza. Msiazime tarakimu za jirani: ufunguo umetengenezwa kwa mita moja tu.

Ulipata mafungu matatu zamani ukafuta meseji? Piga *977# au simu 97771 ya Kenya Power, ukiwa na nambari ya mita.

Chunga matapeli

Tarakimu za kusasisha ni bure, unalipia yuniti tu. Mtu akija mlangoni au akikupigia akitaka "ada ya kusasisha mita", kata simu. Hakuna anayehitaji PIN yako ya simu ili mita ifanye kazi, hata sisi hatuihitaji.

Na vifaa vyako vingine?

Sola za kulipa pole pole, kama zile M-KOPA walianza kuuza Kenya mwaka 2012, zina laini ya simu ndani, kwa hivyo malipo yako hufika kwenye kifaa kupitia mtandao. Kifaa chenye laini kinaweza pia kupokea programu mpya bila wewe kubonyeza chochote. Mashine ya malipo dukani nayo ni hivyo hivyo. Kikiandika kwamba kinasasishwa, usikizime: programu ikikatizwa katikati, kifaa kinaweza kukataa kuwaka tena.

Kwa hivyo, kabla ya safari ya kwenda nyumbani, ulizia kwanza: mita ilishasasishwa? Kama bado, nunua tokeni ndogo mapema, mchana, wakati kuna mtu wa kubonyeza. Ni afadhali kuliko kuhangaika saa nne usiku gizani, friza ikiyeyuka.