Baruti si moja: soma namba kabla ya kupakia

Nchini Marekani wawindaji wengi hujaza risasi zao wenyewe. Wanaosubu vichwa vya risasi kwa madini ya risasi hupendelea baruti inayowaka haraka, kwa kipimo kidogo. Madini hayo ni laini. Yakisukumwa kwa kasi mno hubaki yamegandia ndani ya mtutu.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa. Baruti isiyotoa moshi hutokana na nitroselulosi, nayo ina nguvu zaidi. Ikitiwa kwenye bunduki ya kale iliyoundwa kwa baruti nyeusi, mtutu unaweza kupasuka.

Kwa msafirishaji, jina peke yake halitoshi. Baruti nyeusi ni UN 0027, daraja 1.1D: shehena yote inaweza kulipuka kwa mpigo mmoja. Isiyotoa moshi ina namba tatu: UN 0160 (1.1C) nayo hulipuka yote kwa pamoja, UN 0161 (1.3C) hatari yake kubwa ni moto, UN 0509 (1.4C) hatari yake ni ndogo.

Hivyo, pata kibali kwanza, kisha linganisha namba ya kwenye boksi na ya kwenye hati. Zikitofautiana, usipakie.