Mafunjo na Hesabu: Jinsi Kompyuta Inavyofuata Maji ya Vinamasi vya Malagarasi

Mto Igombe, unaopita katika Wilaya ya Uyui ambayo makao yake makuu ni Isikizya, haufiki Ziwa Tanganyika moja kwa moja, bali maji yake hupitia kwanza vinamasi vya Malagarasi-Muyovozi, eneo la hekta 3,250,000 ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani makubaliano ya kimataifa ya kulinda ardhioevu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Tabora kwenda Ujiji iliuvuka Mto Malagarasi, unaopita katika vinamasi hivyo, kwa mitumbwi baada ya kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na wenye vivuko waliyasoma maji kwa macho. Leo maji hayohayo husomwa pia kwa modeli ya kompyuta.

Modeli ni programu inayoligawa eneo katika miraba midogo, kisha kukokotoa, kwa kila mraba na kila kipindi, maji yanayoingia, yanayotoka, yanayonywewa na ardhi na yanayopaa kuwa mvuke. Kanuni za mwendo wa maji ziliandikwa na Mfaransa Saint-Venant mwaka 1871, na Robert Manning wa Ireland akaeleza baadaye jinsi ukwaruzo wa njia unavyoyapunguzia maji kasi. Mkondo safi hupewa namba ya ukwaruzo ya karibu 0.03, lakini katika mafunjo yaliyosongamana namba hiyo hupita 0.1, kwa hiyo maji yenye kina na mteremko uleule hutembea kwa theluthi moja ya kasi au chini ya hapo.

Kinamasi ni kigumu kukokotolewa kuliko mto kwa sababu ni tambarare, na kosa dogo la kimo huweza kuyapeleka maji upande usio wake. Rada ya chombo cha anga cha Marekani ilipima sura ya nchi mnamo Februari 2000, lakini penye mafunjo, ambayo huweza kuzidi meta 4, mawimbi yake mengi hurudishwa na majani kabla ya kugusa ardhi, na kinamasi huonekana kama kilima. Mtaalamu asipoondoa kimo hicho cha mafunjo, modeli yake itakausha mahali ambapo wavuvi wanapita kwa mtumbwi.

Juu ya hesabu hiyo ya mwendo huongezwa hesabu ya ubora wa maji. Mbolea ya mashamba ya tumbaku na mahindi ikisombwa na mvua, fosforasi hushikamana na tope na kutuama, na naitrojeni hugeuzwa kuwa gesi na bakteria wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa, mradi maji yakae humo muda wa kutosha. Mafunjo yakioza, kuoza huko hula oksijeni iliyoyeyuka majini. Hapo kambare huibuka kuvuta hewa, lakini perege hana uwezo huo.

Matokeo ya mwendo wa maji hulinganishwa na ubao wa kipimo uliosimikwa mtoni, wenye alama za sentimeta, na namba ya ukwaruzo hurekebishwa mpaka maji ya kompyuta yaende sawa na ya mtoni. Kwa hiyo msomaji wa ubao ni mjenzi wa modeli sawa na mhandisi, na anastahili kuheshimiwa hivyo, hasa siku za masika makubwa, maji yanapoikaribia ncha ya ubao huo na njia ya kuufikia ikiwa imefunikwa.