Hesabu Pumzi za Mtoto: Mwili Unasema

Ndugu msomaji, tuseme ni usiku. Mtoto wa miezi tisa anakohoa tangu juzi. Mwili una joto. Baba anasema, "Kesho tutaona." Bibi anasema, "Kikohozi tu hicho. Mfunike vizuri alale." Mama hana amani. Anaona mtoto hapumui sawasawa, ila hajui aseme nini ili asikilizwe. Kila mtu ana neno lake. Nani ana haki?

Mtoto mwenyewe hawezi kusema. Lakini mwili wake unasema. Kila mwili ulio hai hutoa ishara: pumzi, mapigo ya moyo, joto. Ishara hizo zinapimika. Anayejua kuhesabu mpaka mia na kutazama saa anaweza kuzipima. Wewe uliyehitimu kisomo, yote mawili unayajua. Basi yatumie.

KWA NINI PUMZI HUENDA MBIO?

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana, vingi mno. Tukivuta pumzi, vifuko hivyo hujaa hewa. Damu huchukua humo oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo mwili unaihitaji ili uishi.

Mtoto akipata ugonjwa wa nimonia, ambao wengine huuita kichomi, baadhi ya vifuko hujaa maji na usaha. Hewa inakosa nafasi. Kila pumzi inaleta hewa kidogo. Mtoto afanyeje? Anavuta pumzi nyingi zaidi. Ni kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe badala ya ndoo. Lazima aende mara nyingi.

Nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano duniani. Inatibika, lakini haingoji.

NAMNA YA KUHESABU

1. Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala, ni vizuri zaidi.

2. Funua nguo uone kifua na tumbo. Usimwamshe.

3. Muwe watu wawili. Mmoja atazame saa ya mkono, au saa ya simu inayoonyesha sekunde. Aseme, "Anza." Sekunde 60 zikiisha aseme, "Basi." Mwingine asitazame saa. Macho yake yawe kwenye kifua tu.

4. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, kwa sababu pumzi za mtoto hazilingani. Mara zinakwenda mbio, mara zinapungua.

5. Andika hesabu uliyopata na saa uliyopima.

Sasa linganisha. Pumzi zinakwenda mbio kupita kiasi zikifika hesabu hii kwa dakika moja, au zaidi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60.
Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka kasoro: pumzi 50.
Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5 kasoro: pumzi 40.

Mtoto anayekohoa akifika hapo, mpelekeni zahanati bila kukawia.

Turudi kwenye ile nyumba. Baba ameshika simu. Mama amefunua nguo ya mtoto.

"Anza," baba akasema. Kimya. "Basi."

"Hamsini na nane," mama akajibu.

Bibi hakuridhika. "Hebu rudieni." Wakarudia. Hamsini na saba.

"Mama," yule mke akamwambia mkwewe kwa heshima, "mtoto wa umri huu kiasi chake ni chini ya hamsini."

Bibi akasimama. "Haya, mnangoja nini? Leteni kanga nimfunge mtoto. Tafuteni usafiri."

Unaona, ndugu msomaji? Hawakugombana. Hesabu imeamua.

ANGALIA SANA

Hesabu haisemi jina la ugonjwa. Hata malaria inaweza kufanya pumzi ziende mbio. Hesabu inasema jambo moja tu: nenda zahanati. Kujua ugonjwa ni kazi ya mganga. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Tena, kuna hali ambazo hazingoji kuhesabu. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Anapata degedege. Amelegea, au haamki. Nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Ukiona hata moja, ondoka saa ile ile. Na mtoto wa chini ya miezi miwili akiugua, usimpime ukangoja. Mpeleke.

MOYO NAO UNASEMA

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Bonyeza polepole. Utasikia mshipa unadunda. Usitumie kidole gumba kupimia, maana chenyewe kina mdundo wake, utachanganyikiwa. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Ukitoka kulima au kubeba maji, utapanda, kisha utashuka. Hiyo si kitu. Lakini ukiwa umepumzika, na bado unapita 100 kila unapopima, au unadunda ovyo ovyo, nenda ukaonwe.

Iko ishara nyingine ambayo vidole haviisikii. Moyo kila unapopiga hutoa umeme mdogo sana. Mwaka 1887, mjini London, daktari Augustus Waller aliupima umeme huo kwa binadamu bila kumpasua. Alikuwa pia na mbwa wake, Jimmy. Mbwa huyo alikuwa akisimama, miguu yake imetiwa katika vyombo vya maji ya chumvi, na moyo wake ukipimwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri.

Baadaye, Willem Einthoven wa Uholanzi alitengeneza mashine bora zaidi ya kuchora umeme wa moyo. Mwaka 1924 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mashine yake ilikuwa kubwa, ikahitaji watu kadhaa kuiendesha. Leo iko inayobebwa mkononi.

Hata pale zahanati, unaweza kuona mtoto anabanwa kidole kwa kifaa kidogo chenye taa. Hakichomi, wala hakitoi damu. Taa hiyo hupita kwenye kidole na kuonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani. Usiogope, wala usikizuie.

Lakini vifaa hivyo viko mbali na kitanda cha mtoto wako usiku wa manane. Kilicho karibu ni macho yako, saa, na hesabu uliyojifunza darasani. Mwili wa mtoto umeshasema. Wewe hesabu, kisha uondoke.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Mtoto wa miaka miwili anakohoa. Amevuta pumzi 44 kwa dakika. Mtafanya nini?

2. Kwa nini tunahesabu dakika nzima?

3. Nyumbani kwako, usiku, nani atashika saa na nani atahesabu? Pataneni leo, kabla mtoto hajaugua.