Meza ya Mkahawa wa Kifahari na Jiko Lililo Nyuma Yake

Mkahawa wa kifahari wa mjini humpokea mteja kwa utaratibu ambao, kwa aliyeuingia mara ya kwanza, huweza kumtia wasiwasi, kwa kuwa kitambaa cheupe cha meza, safu ya visu na uma kila upande wa sahani, na glasi tatu au nne zilizopangwa mbele yake huonekana kama mtihani ambao wengine wameshausomea. Utaratibu huo hata hivyo haukubuniwa ili kupima ustaarabu wa mtu, bali ulitokana na mahitaji ya kazi, na historia yake si ndefu kama wengi wanavyodhani.

Mkahawa kwa maana ya leo, yaani mahali ambapo mtu huketi kwenye meza yake, huchagua chakula katika menyu na kulipia alichokiagiza tu, ulianza kushamiri Paris katika nusu ya pili ya karne ya 18. Kabla ya hapo msafiri alikula katika nyumba ya wageni, saa aliyoipanga mwenye nyumba, chakula kilichopikwa siku hiyo, kwenye meza moja na watu asiowajua. Miongoni mwa waliobadili hali hiyo alikuwa Antoine Beauvilliers, ambaye katika miaka ya 1780 alifungua mkahawa wenye wahudumu nadhifu, mvinyo bora na menyu ndefu.

Namna ya kuleta chakula nayo ilibadilika. Katika karamu za Kifaransa za zamani vyakula vingi vilitandazwa mezani kwa mkupuo, na kila mtu akala kilichomkaribia, jambo lisiloweza kumshangaza aliyezoea sinia la pilau la harusini, ambalo watu kadhaa hulizunguka huku nyama, kachumbari na ndizi vikiwa vimefika pamoja. Katika karne ya 19 ulienea mtindo ulioitwa wa Kirusi, ambao chakula huletwa kwa awamu, supu kwanza, kisha samaki, kisha nyama, na mwisho kitindamlo, yaani kitu kitamu cha kufungia mlo, ili kila kilicho cha moto kifike kikiwa cha moto. Ile safu ya visu na uma inaelezwa na mtindo huu, kwani kila awamu ina vyombo vyake, na mteja huanza na vya nje kabisa akisogea ndani kuelekea sahani.

Jiko la kuhudumia meza za namna hii lilihitaji mpango, na aliyeuimarisha kuliko wote ni Auguste Escoffier, mpishi Mfaransa aliyewahi kupikia jeshi katika vita vya 1870, na ambaye tangu 1890 aliongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London. Aliligawa jiko katika vitengo, kimoja cha michuzi, kingine cha samaki, kingine cha nyama za kuoka, kila kimoja kikiwa na mkuu wake. Oda inapotangazwa, samaki anayeiva kwa dakika chache na nyama inayohitaji muda mrefu zaidi hulazimika kukutana kwa wakati mmoja kwenye kaunta ya kutolea chakula, ambako mkuu wa jiko huiinamia kila sahani, hufuta kwa kitambaa safi tone la mchuzi lililodondoka ukingoni, na ndipo mhudumu huruhusiwa kuichukua. Mara nyingi kuchelewa kunakolalamikiwa ni chakula kimoja kinachosubiri kingine.

Liko suala moja linalowagusa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na Waislamu kwa jumla, ambao hula kwa mkono wa kulia, ilhali desturi ya Ulaya huuweka uma katika mkono wa kushoto. Hapana sababu ya mtu kuiacha desturi yake: anaweza kukata kwanza, akakiweka kisu chini na kuuhamishia uma mkono wa kulia, kama wafanyavyo Wamarekani wengi, wala mhudumu aliyefunzwa hataona kosa. Anachokitazama mhudumu ni kisu na uma vilivyolazwa sambamba sahanini, maana yake mteja ameshiba na sahani iondolewe.

Mwishoni huja bili, ambayo nchini Kenya hubeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na pengine ada ya huduma, ambayo huamuliwa na mkahawa wenyewe. Ada hiyo si bakshishi, kwa kuwa bakshishi ni hiari ya mteja. Katika baadhi ya mikahawa bakshishi hukusanywa na kugawanywa kwa wafanyakazi wote, na katika mingine hubaki kwa mhudumu aliyeipokea, kwa hiyo mteja anayetaka aliyeosha glasi zake naye apate chochote ana haki ya kumwuliza mhudumu jinsi inavyogawanywa kabla ya kuiacha mezani.