Jino Moja la Sproketi na Petroli ya Pikipiki

Siku hizi vijijini pikipiki ni nyingi kuliko magari. Wako wanaobeba abiria, na wako wanaokwenda nazo kazini kila asubuhi na kurudi jioni. Wote wana kilio kimoja: petroli. Mafundi wengine huwaambia, "Ongeza jino moja mbele, utaona." Je, ni kweli? Kwa wengine ni kweli. Kwa wengine ni hasara tupu.

Tazama cheni ya pikipiki. Mbele, karibu na injini, kuna gurudumu dogo la meno. Hilo ndilo sproketi. Nyuma kuna sproketi nyingine, kubwa. Tuseme ya mbele ina meno 14, na ya nyuma ina meno 42. Gawa 42 kwa 14, utapata 3. Maana yake, sproketi ndogo huzunguka mara 3 ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara 1.

Sasa toa ile ya mbele, weka yenye meno 15. Gawa tena: 42 kwa 15 ni 2.8. Basi kwa mwendo ule ule na gia ile ile, injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika itazunguka mara 5,600. Vyuma vya ndani vinasuguana kidogo zaidi kuliko kwanza, na mafuta yanapungua. Ni kama mtu anayetembea kwa hatua ndefu: hatua chache, safari ile ile.

Lakini nani anapanda mlima kwa hatua ndefu, tena ana mzigo kichwani? Nguvu ya kusukuma gurudumu nayo imepungua, karibu sehemu 7 katika kila 100. Mtu anayekaa Mombo na kufanya kazi Korogwe anapita lami isiyo na milima mikubwa. Akiwa peke yake, jino hilo linamfaa. Mwenzake anayetoka Mombo kwenda Lushoto ana zaidi ya kilomita 30 za kona na kupanda. Akipakia gunia la viazi, atarudi gia ya chini kila mara, na injini itazunguka kwa kasi kama zamani. Aking'ang'ania gia ya juu, injini italemewa na kuchemka. Huyo abaki na meno yake 14.

Jambo jingine ni mwendo. Wengi wakishabadili sproketi huona pikipiki imekuwa nyepesi, wakaongeza kasi. Hapo upepo unakula faida yote, maana ukizidisha mwendo mara 2, upepo unakuzuia mara 4.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jaza upepo kwenye matairi, safisha chujio cha hewa, na angalia kama breki haishiki gurudumu. Kazi hizo ni za bei ndogo, na mara nyingi petroli inapotelea hapo.

Kisha chukua daftari. Jaza tangi, andika kilomita. Baada ya siku chache jaza tena, andika lita ulizoongeza. Ukienda kilomita 120 kwa lita 3, ni kilomita 40 kwa lita. Pima wiki 2 kabla ya kubadili na wiki 2 baadaye, njia ile ile, mzigo ule ule. Sproketi ya zamani usiitupe. Hesabu ikikataa, fundi atairudisha.