Sindano Kabla ya Kisu

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akianguka kutoka kwenye trekta akavunjika nyonga, mara nyingi hupasuliwa na kuwekewa chuma. Vijidudu vikikifikia chuma hicho hung'ang'ania hapo, na pengine hupasuliwa tena. Ndiyo maana antibiotiki hudungwa mapema, ili ngozi ikikatwa dawa iwe tayari mwilini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016: idungwe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na kwa kinga tu isiendelezwe baadaye. Lakini sisi tumechangishana mara ngapi kununua vidonge vya wiki nzima kwa kidonda kisicho na usaha! Fedha hizo tungempa mkewe za unga. Tumwulize daktari mapema kama sindano imeandikwa. Naye aliyewahi kudhurika na penisilini aseme kabla hajadungwa.