Antivairasi Ikiielemea Kompyuta, Uliza Kwanza Inakagua Nini

Malalamiko huwa yaleyale. Feni haitulii, kompyuta imepata moto, Word inachukua muda mrefu kufunguka, na ukitazama Task Manager unakuta juu kabisa pamekaa jina refu: Antimalware Service Executable. Hilo ni jina la kazini la Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows, na faili lake huitwa MsMpEng.exe. Akiitwa fundi, mara nyingi anaizima tu. Kompyuta inapata nafuu palepale, mteja analipa na kushukuru, na chanzo cha tatizo kinabaki pale kilipokuwa, sasa bila wa kukikagua.

Antivairasi haikai pembeni ikisubiri virusi vitokee. Imewekwa katikati, kati ya programu zako na diski. Programu ikiomba kufungua faili, ombi husimamishwa kwa muda mfupi sana, antivairasi inalisoma faili, inalilinganisha na alama za virusi inazozijua, inaangalia mwenendo wake, ikiridhika inaliachia. Faili lililokwisha kupita hukumbukwa ili lisikaguliwe upya bila sababu. Lakini likiguswa likabadilika hata kidogo, hukumu ya awali imekufa. Alama mpya zikishushwa kutoka intaneti, vivyo hivyo.

Kwa hiyo nguvu inayotumiwa na antivairasi hutegemea zaidi shughuli za programu nyingine. Foleni ndefu kwenye mizani ya kupimia malori ya Vigwaza haimaanishi kwamba mizani ni mbovu. Yawezekana siku hiyo malori ni mengi. Yawezekana pia kuna lori moja linalozunguka na kurudi kupimwa upya kila baada ya dakika, na kwenye kompyuta hili la pili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kumsaka mhusika, soma namba vizuri. Asilimia inayoonyeshwa na Windows ni ya kichakataji kizima. Kama Windows inaihesabia kompyuta yako viini vinne, asilimia 25 inayoganda pale bila kupanda wala kushuka huenda ni kiini kimoja kinachofanya kazi bila kupumua, dalili ya kitu kilichonasa mahali pamoja. Mac na Linux huhesabu vingine: kule kila kiini ni 100, kwa hiyo mtu akikwambia antivairasi yake inakula asilimia 130 hajakosea kusoma.

Kisha sogeza jicho hadi safu ya diski. Laptopu nyingi zinazouzwa mitumba bado zina diski za kuzunguka, na humo kichakataji kinaweza kuwa asilimia 15 tu huku diski ikiwa 100. Hapo hata ukihangaika na mipangilio ya antivairasi siku nzima, faida utakayopata ni ndogo. Badilisha diski uweke SSD. Nafikiri hakuna pesa nyingine ya matengenezo ya kompyuta inayorudi haraka kama hiyo.

Angalia pia ni saa ngapi. Defender ina ukaguzi wa ratiba, na kwa kawaida hupenda kuufanya kompyuta ikiwa imetulia. Microsoft imeweka kikomo cha asilimia 50 cha matumizi ya kichakataji wakati wa ukaguzi huo, lakini ni wastani wa kulenga, si ukuta. Na kompyuta ikiwa haina kazi, kikomo hicho kwa kawaida huwekwa kando kabisa. Ndiyo maana unarudi kutoka kula mchana unakuta feni inavuma wakati hukuacha chochote kikiendelea. Huo si ugonjwa. Ukitaka kuupunguza makali, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Ukaguzi utakuwa mpole zaidi ila utachukua muda mrefu zaidi. Ukipenda, ingia Task Scheduler, kwenye folda ya Windows Defender, uupangie saa ambayo kompyuta iko kwenye umeme na hakuna anayeihitaji.

Linalostahili kukuumiza kichwa ni lile lisiloisha: asubuhi, mchana, jioni, kompyuta ikitumika, namba iko juu ileile. Hapo sasa uliza inakagua nini. Wengi hawajui kwamba Defender yenyewe inaweza kujibu. Katika PowerShell ileile, andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Acha rekodi iendelee huku ukifanya ile kazi inayoleta uzito: fungua programu ya mahesabu, chapisha risiti, chomeka flashi. Baada ya dakika chache bonyeza Enter kusimamisha, kisha omba ripoti:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopProcesses 10 -TopFiles 10

Utapewa programu kumi na mafaili kumi yaliyoichukulia antivairasi muda mwingi zaidi, kila moja na muda wake. Kwa kawaida hutahitaji kusoma hadi mwisho. Mistari miwili au mitatu ya juu itakuwa imewaacha wenzake mbali sana.

Chukua steshenari iliyo jirani na chuo. Kutwa nzima wanafunzi wanaleta flashi, na kila flashi ina mamia ya mafaili ambayo kompyuta ile haijawahi kuyaona. Ripoti ya kompyuta hiyo itaonyesha mafaili ya diski E: na F:, moja moja, hakuna linalojirudia. Hapo antivairasi inafanya hasa kazi iliyowekewa, na mahali ambapo flashi moja hupita kompyuta kumi kwa siku, ningeiacha ifanye. Mwambie mwenye duka anunue SSD na aongeze RAM, usimguse mlinzi wake.

Duka la vifaa vya ujenzi lililo upande wa pili wa barabara laweza kutoa picha tofauti kabisa. Juu ya ripoti kuna programu ya stoo, na katika orodha ya mafaili kuna jina moja tu, faili la kumbukumbu lenye mkia wa .log, limekaguliwa mara elfu kadhaa katika dakika tano. Programu ile, kila inapoandika mstari mmoja, inafungua faili, inaandika, inafunga. Kwa antivairasi, kila mara hilo ni faili lililobadilika. Na kadiri faili linavyonenepa ndivyo kulisoma kunavyochukua muda. Dawa haiko kwenye Defender hata kidogo: ingia mipangilio ya programu ya stoo, punguza kiwango cha kumbukumbu inazoandika, lihamishe faili la zamani uanze jipya. Ndugu wa tatizo hili ni programu mbili za kuhifadhi nakala zinazoangalia folda moja, kila moja ikiamsha nyingine.

Kuna picha ya tatu, mbaya kuliko zote. Ndani ya Windows Security fungua Protection History. Ukikuta jina lilelile la virusi limefutwa, likarudi, likafutwa tena, basi kuna kitu ndani ya kompyuta kinachoviumba upya kila vinapoondolewa, na moto unaousikia ni wa vita hivyo. Mara nyingi mlango wake ni programu za wizi zilizokrakiwa, zile ambazo maelezo ya kuziingiza huanza na sharti la kuzima antivairasi. Tumia Microsoft Defender Offline, ukaguzi unaofanyika kompyuta ikiwa imewashwa upya na Windows yenyewe haijaamka. Huko virusi havina pa kujificha kirahisi.

Nikisema antivairasi mara nyingi inasingiziwa, sisemi haina makosa. Watumiaji wa Firefox walilalamika tangu 2018 kwamba wakiwa na kivinjari hicho, MsMpEng.exe hupanda kupita kiasi. Wengine waliilaumu Firefox, wengine Defender. Wahandisi wa Mozilla walipochimba walikuta pande zote mbili zina mkono: Firefox ilikuwa ikibadilisha ruhusa za kumbukumbu mara nyingi mno, na Defender ikafanya kazi nyingi isiyo na faida kila tukio kama hilo lilipotokea. Microsoft ilirekebisha injini yake Aprili 2023, na Mozilla ikaeleza kwamba matumizi ya kichakataji ya Defender wakati wa kutumia Firefox yalishuka kwa takriban asilimia 75. Miaka mitano! Na suluhisho kwa mtumiaji wa kawaida lilikuja lenyewe, ndani ya sasisho. Ndiyo sababu huwa nauliza kama Windows Update imezimwa ili kuokoa bando, kabla sijagusa kitu kingine.

Kisa kikubwa zaidi hakikuhusu laptopu. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni inayosimama mbele ya mamilioni ya tovuti kuzikinga, iliongeza kanuni moja mpya kwenye ukuta wake wa kuzuia mashambulizi. Kanuni hiyo ilikuwa kiolezo cha kutafuta maandishi yenye hila, kilichoandikwa kwa namna ambayo kwa baadhi ya maandishi kilijaribu kila mgawanyo unaowezekana kabla ya kukata tamaa. Vichakataji vya kampuni hiyo duniani kote viligonga asilimia 100 kwa wakati mmoja, na kwa dakika 27 tovuti za wateja wake zikawa zinarudisha ujumbe wa hitilafu. Kanuni yenyewe ilikuwa bado kwenye majaribio, haikuzuia hata mtu mmoja. Kule kusoma tu kulitosha. Na kizuizi ambacho kingeizuia isile nguvu kiasi hicho kilikuwa kimeondolewa kwa bahati mbaya wiki chache kabla, katika kazi iliyolenga kuufanya ukuta huo utumie nguvu kidogo zaidi. Walitoka kwa kuuzima ukuta wote, wakaondoa kanuni, wakauwasha tena siku hiyohiyo.

Antivairasi mbili kwenye kompyuta moja? Toa moja. Windows 10 na 11 za kawaida huiweka Defender pembeni zenyewe ukisakinisha nyingine, lakini Windows Server haifanyi hivyo, na mabaki ya antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya hubaki yakikwaruzana na iliyopo. Waundaji wengi wana programu maalumu ya kufuta bidhaa yao hadi mzizi. Itumie hiyo badala ya kuifuta kwa njia ya kawaida.

Sasa tufike kwenye dawa inayopendwa kuliko zote, msamaha wa ukaguzi: unaitajia antivairasi folda au programu, nayo haiigusi tena. Inafanya kazi, tena papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Tarehe 2 Julai 2021 kundi la wahalifu la REvil lilipenya kwenye Kaseya VSA, programu ambayo kampuni za huduma za kompyuta huitumia kuhudumia mashine za wateja wao kutoka mbali. Kaseya ilikuwa imewashauri wateja kuzisamehe folda za programu hiyo ili antivairasi isiisumbue. Wahalifu waliushusha mzigo wao humohumo ndani ya folda iliyosamehewa. Kisha wakazima ulinzi wa Defender kwa amri ya PowerShell, wakaweka ndani ya C:\Windows nakala ya zamani ya MsMpEng.exe, nakala halisi yenye saini ya Microsoft, wakaitumia kubeba faili lao la kufungia data. Biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika, na maduka ya Coop nchini Uswidi yalifungwa kwa mamia kwa sababu mashine za kulipia hazikufanya kazi.

Tukio hilo linakupa kipimo cha bure. Bonyeza kulia kwenye Antimalware Service Executable ndani ya Task Manager, chagua Open file location. Panapostahili ni ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Platform, au Program Files\Windows Defender. Ukikuta iko kwingine, usijali ina saini ya nani, kata intaneti.

Kama baada ya kurekebisha kila kitu bado unahitaji msamaha, uwe mwembamba. Taja faili moja au folda moja kwa njia yake kamili. Usisamehe mkia mzima kama .exe, wala Downloads, wala Temp, kwa kuwa hizo ndizo sehemu virusi hutua kwanza. Fahamu pia kwamba ukisamehe programu, unachosamehe ni mafaili yote inayoyafungua. Kusamehe kivinjari au programu ya kufungulia mafaili ya zip ni kuacha mlango wazi.

Na kompyuta iliyopita mikononi mwa fundi, au uliyoinunua kwa mtu, ikague kwa amri hii, ukiwa msimamizi:

Get-MpPreference | Select-Object ExclusionPath, ExclusionProcess, ExclusionExtension

Ukikuta C:\ nzima imo kwenye orodha, umeshajua kwa nini ilikuwa nyepesi siku ulipoijaribu. Iondoe kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\", sasisha alama za virusi, uanzishe ukaguzi kamili jioni chaja ikiwa imechomekwa. Utachukua saa kadhaa, na usiku huo feni ina haki ya kuvuma.